Kikwembe cha Studio

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya poda. Ilikuwa poda ya Papa Mulongo, mpiga picha wa Kalemie, ambaye hakukubali mtu akae mbele ya mashine yake kabla hajampaka usoni kwa kipande cha pamba. Nami nilipakwa nikatulia. Nilikuwa na umri kama wako, ila mimi nilishakuwa na mume na mtoto mchanga, na wewe bado unachagua. Sikulaumu. Chagua, lakini angalia soko lisije likafungwa wewe bado unapapasa nyanya.

Mwanangu nakuita, ingawa u mjukuu. Mtoto wa mwanangu ni wangu mara mbili. Tangu uliposema unakwenda kukaa ugenini umeing'ang'ania albamu yangu ya Zaire, kutwa kuuliza huyu nani na huyu nani. Huyu mwenye abakosti, lile koti la Kizaire lisilovaliwa tai, aliyeegemea behewa kana kwamba treni ameachiwa na baba yake, ndiye babu yako Sefu. Huyu aliyekunja uso mbele ya tanuri la samaki ni Mama Feza, na hakukasirika, ni moshi tu. Hawa watoto wa ufukweni sijui ni wa nani. Kalemie ukitoa mashine ya picha, watoto wanajitokeza wenyewe, nawe unawapiga, mnaachana kwa kucheka. Nimeishi nchi ile miaka mingi na nimeipenda, na watu wake walinipenda. Lakini kabla hujafunga sanduku lako nataka nikueleze habari ya picha mbili nilizopigwa na Papa Mulongo, maana ya kwanza nusura imuue mama yangu.

Mimi ni wa Ujiji, unajua. Babu yako alikuja kuwatembelea ndugu zake, kwa kuwa Wamanyema tumetapakaa pande zote mbili za ziwa, na aliporudi kwao akarudi na mimi. Siku za mwanzo nilicheka kila neno. Ugali wanauita bukari, kisamvu wanakiita sombe, na mtu kwao ni muntu, watu ni bantu. Wao nao walinicheka mimi, wakasema ninaongea kama redio. Sefu alikuwa mtu wa reli. Akipanda kwenda Kabalo hujui atarudi lini, maana treni ya enzi zile iliondoka ilipotaka na kurudi ilipochoka. Basi mara nyingi nilibaki peke yangu, na ningekonda kwa upweke kama si Mama Feza.

Mama Feza alikuwa Mholoholo, mjane wa mvuvi, tukikaa naye ua mmoja pale mtaa wa Kataki. Kazi yake kukausha samaki. Mikono yake ilinuka moshi hata siku ya Idi aliponikumbatia, na mpaka leo nikisikia harufu ya samaki wa moshi moyo wangu unalainika. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akikuambia jambo mara moja tu, kisha anakuacha uende ukajikwae, halafu anakuja kukuokota bila kukukumbusha. Si kama mimi, najua unachotaka kusema.

Sasa upande wa huku, Ujiji, mama yangu alikuwa ameanza kushikwa na macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Aliona umbo la mtu mlangoni, akaona kitu kikubwa chenye maua au rangi kali, lakini uso mpaka ausogeze kwenye pua yake. Habari hizo aliniletea Bi Tatu, mama wa Ujiji aliyekuwa akivuka na boti za mizigo, anakuja Kalemie na khanga na sabuni, anarudi na mawese na dagaa. Bi Tatu ndiye aliyekuwa mdomo wetu na masikio yetu. Siku moja akaniambia, "Mama yako anaomba picha yako. Anasema macho yake yanafunga mlango, anataka wewe uwe mtu wa mwisho kuingia."

Nililia, mwanangu. Wakati huo nilikuwa na mimba ya baba yako, nzito, nikasema sitaki kupigwa picha hivi nilivyovimba. Bi Tatu akarudi na jibu la mdomo, kwamba picha itakuja nikijifungua.

Kujifungua kwenyewe kukawa vita. Nililala sana kwenye maternite, hospitali ya wazazi, nikatoka pale mtu wa kushikwa mkono. Na kama vile haitoshi, boti za mizigo zikasimama kwa muda, mafuta hakuna, Bi Tatu hakuonekana. Mama yangu huku anahesabu miezi yangu kwa vidole. Miezi ikatimia, ikapita, na ziwa limenyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi kule nilikuwa nanyonyesha na kula uji wa Mama Feza, sikufikiri hata mara moja kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kunasema kitu.

Nilipotoka arobaini, boti zikaanza tena, na Bi Tatu huyo. Akambeba baba yako, akamwimbia, akamwita mume wake mdogo, kisha akasema, "Haya, picha iko wapi? Boti inapakia. Nikirudi mikono mitupu mama yako hatanielewa."

Nikaenda studio. Mama Feza alinisindikiza akiwa amembeba Amisi, yaani baba yako. Ile studio ya Papa Mulongo ilikuwa na vitu vyake ambavyo mji mzima ulivijua. Kulikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria. Kulikuwa na simu ya mezani isiyo na waya, ukitaka unaishika sikioni kama unaongea na Kinshasa. Kulikuwa na mkoba, na hereni, na juu ya yote kulikuwa na kikwembe. Kikwembe ndiyo kitenge kwa wenzetu wale. Hiki kilikuwa na matausi makubwa, tausi mmoja anakujaa tumbo zima, na kila mwanamke aliyepigwa picha pale Kalemie alikivaa. Waliolewa wakakivaa, walibatizwa wakakivaa, waliokuwa na vikwembe vyao vizuri walivivua wakavaa cha studio. Ukienda nyumba yoyote, ukipewa albamu uangalie wakati chakula kinaiva, unawakuta wale matausi wanakutazama kila ukurasa. Hakuna aliyeona ajabu. Ndiyo ilikuwa desturi, na aliyepigwa picha na nguo yake alihesabiwa kwamba hakwenda studio, alipita tu.

Mimi nilikuwa nimevaa khanga yangu iliyopauka, ina alama ya maziwa kifuani. Mama Feza akaniambia, "Mama Amisi, kaa vile uko, ushike mutoto. Mama yako anataka kukuona."

Papa Mulongo akaruka. "Hapana, Mama! Mutoto hapana. Atakojolea kikwembe ya studio. Kesho kuko harusi, bibi-harusi atavaa nini?"

Nikamtazama mwanangu, nikawatazama matausi. Mwanangu alikuwa analia, pua inamtoka, nywele zimenyolewa vibaya. Matausi walikuwa wametulia. Nikasema, "Mama Feza, mshike tu. Yeye atapigwa yake akikua." Mama Feza akaniuliza mara moja tu, "Bila mutoto?" Nikasema bila mtoto. Akasema haya, akatoka naye nje.

Basi nikavishwa. Nikapakwa poda. Nikapewa mkoba, nikapewa na simu. Papa Mulongo akaniinua kidevu, akaniambia nifunge mdomo, kwa sababu mtu wa heshima hachekicheki kwenye foto. Nilifunga mdomo mpaka taya zikaniuma. Na picha ilipotoka, mwanangu, nilikuwa mzuri! Sitakudanganya. Nilikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuwa siku yoyote ya maisha yangu. Nilimkabidhi Bi Tatu nikiwa nimevimba kichwa, nikamwona moyoni mama yangu anavyowaita majirani waje kumwona binti yake aliyefanikiwa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nilidhani walisema kwa ajili ya watu wengine.

Bi Tatu alipovuka tena alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu, hata mzigo wake hakuutoa bandarini. Alinikuta natwanga. Akanishika bega, akanishika na shavu, kama mtu anayepima kitambaa, ndipo akakaa chini akaanza kulia. Mama Feza akaacha samaki wake akaja.

"Zaina," Bi Tatu akasema, "mama yako amekaa matanga yako."

Sikuelewa. Nikamwuliza matanga ya nani. Akasema, "Yako wewe. Amekaa kwenye mkeka, amegoma kula. Kaka yako Juma anamlisha kwa kumbembeleza, anatema. Na wamepanga hitima, inasomwa Ijumaa ijayo."

Ndipo akanieleza. Alifika Ujiji akampa mama ile picha. Mama akaisogeza kwenye pua, akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza tena. Uso wangu hakuuona vizuri, lakini matausi aliwaona. Na matausi wale aliwajua! Mwajuma wa nyumba ya pili alishatuma picha kutoka Kalemie akiwa amewavaa. Dada yake Mwajuma naye alishatuma. Mama akasema, "Hii ni picha ya Mwajuma. Mwanangu yuko wapi?" Juma akamwambia huyu ni Zaina, mama, mtazame. Mama akauliza, "Amefungua mdomo?" Juma akasema hapana, ameufunga. "Basi si Zaina. Zaina tangu nimemzaa hajawahi kufunga mdomo." Usicheke. Haya, cheka kidogo. Kisha akauliza la mwisho, "Mtoto yuko wapi? Amebeba mtoto?" Juma akasema hapana, amebeba simu.

Mama akaiweka picha chini.

Hapa nataka unielewe, mwanangu, maana ninyi wa siku hizi habari ya msiba mnaipata kwenye simu kabla hata maiti hajapoa. Kwetu msiba wa mbali haukutajwa hivihivi. Mtu akifia ng'ambo, wanaoleta habari wanaanza kwa kusema anaumwa kidogo. Siku ya pili wanasema amelazwa. Wengine wanaleta nguo yake, wengine wanaleta picha, na wote wanarudia kwamba yeye hajambo, wasiwe na wasiwasi. Mpaka mwenye msiba anaelewa mwenyewe, na wazee wanaingia kushika mikono. Kwa hiyo kila Bi Tatu alipoapa kwamba mimi ni mzima, kwamba nimejifungua salama, mama yangu alizidi kuwa na hakika kwamba nimekufa. Nimekufa na mimba yangu, na watu wa Zaire wamechukua picha ya mtoto wa watu kumfariji kipofu. Alisema wala hawalaumu, wana huruma.

Nikataka kuondoka saa ileile. Lakini karatasi yangu ya kuvukia ilikuwa imekwisha muda, na kwenye biro, yaani ofisi, ya uhamiaji walitaka saini ya mume, na mume yuko Kabalo na treni yake. Nikakaa chini kwenye vumbi la ua nikapiga kelele. Nilisema mama yangu atakufa. Nilisema nimemuua kwa tausi.

Mama Feza hakunibembeleza. Alininyanyua kwa mkono mmoja, ule wenye moshi, akaniangalia. Maneno aliyoniambia siku hiyo nimewaambia wanangu wote na sasa ni zamu yako.

"Mama yako aliomba kikwembe? Aliomba mutoto wake. Weye ulimutumia kikwembe ya Papa Mulongo. Muntu mwenye anakupenda, unamufichia sura yako, unamuonyesha nguo ya bantu! Sasa, machozi haivuke ziwa. Kamata mutoto, twende."

"Nivae nini?" Ndiyo, mwanangu, niliuliza hivyo. Ujana ni moshi.

"Vaa vile unatwanga," akasema Mama Feza.

Tukaenda karibu tunakimbia, kwa sababu boti ya Bi Tatu ilikuwa inapakia mawese na ikijaa tu inang'oa nanga. Papa Mulongo akatoa kikwembe chake, Mama Feza akakirudisha kwenye msumari. Papa Mulongo akasema basi nikae ndani mbele ya ndege, Mama Feza akasema hapana, atakaa hapa barazani, kwenye kigoda, mtoto mapajani. Papa Mulongo akasema barazani kuna kivuli, mashine yake kwenye kivuli inataka mtu atulie kabisa, asipumue, na mtoto atulie vilevile. Na tena, akasema, filamu bado haijaisha, yeye hasafishi filamu mpaka iishe, tungoje wateja wa Jumapili. Mama Feza akamjibu, "Papa Mulongo, kule ng'ambo kuko mama wa bantu anakufa juu ya foto yako. Ile filamu itaisha leo." Na Papa Mulongo, mungu wa studio yake, akaisafisha siku hiyohiyo. Majirani wakapigwa picha bure, wao na milango yao na kuku wao, ili filamu iishe.

Lakini ngoja nikueleze jinsi tulivyopigwa. Nilikaa, nikamshika Amisi. Papa Mulongo akajifunika kitambaa, akasema tulia. Amisi akatulia. Papa Mulongo akabonyeza, na palepale Amisi akanikojolea. Moto ule ukanishuka miguuni! Nikaruka, nikapiga kelele, halafu nikaanza kucheka na siwezi kujizuia, machozi yananitoka, na Amisi naye kwa kushtuka akatupa mikono juu. Mama Feza pembeni alicheka mpaka akashika ukuta. Papa Mulongo alitoka kwenye kitambaa chake kama mtu aliyeona gari linaanguka mtoni.

Picha ikatoka mbaya. Mwanangu, hujaona picha mbaya. Amisi alikuwa na kama vichwa viwili na mikono minne. Mimi uso wangu ulikuwa mdomo tu, umefunguka, na meno yanakwenda upande. Khanga ilikuwa kama maji yanayomwagika. Papa Mulongo aliishika kwa ncha za vidole akasema, "Hii haitoke hapa. Imeharibika. Batu ya Kigoma batasema Papa Mulongo hajui kazi. Mimi nilipiga foto ya gavana!"

Nikamwambia nipige nyingine. Filamu imekwisha, si tuliimaliza kwa kuku? Na honi ya boti tumeishaisikia. Kitu kimoja tu niliombwa na mama yangu maisha yake yote, na mara ya pili nimeshindwa kukitoa.

Mama Feza akanyoosha mkono. "Toa."

"Mama Feza, jina langu..."

"Jina lako litapona. Toa, Papa."

Akatoa. Ila aliufuta mhuri wa studio nyuma kwa mate na kidole, nilimwona. Nikakimbia hadi bandarini, nikampa Bi Tatu kwenye ngazi ya boti, picha bado ina unyevu. Akaitazama, akanitazama. "Zaina, hii ndiyo nini?" Nikamwambia ndiyo mimi. Hakuna nyingine.

Kungojea kulikofuata sitakusimulia, kwa sababu sina maneno yake. Nilitwanga, nikafua, nikamnyonyesha mtoto, na kila niliposikia honi nilitoka mlangoni kutazama barabara. Mama Feza akawa analala mlangoni kwangu, anasema chumba chake kina mbu. Kalemie nzima ina mbu. Alitaka tu nisikie mtu anapumua karibu.

Mpaka Bi Tatu akarudi. Safari hii aliimba kuanzia kona ya barabara, ndipo nikajua. Nikamvutia kigoda, nikamsikiliza.

Alifika Ujiji siku ya hitima yenyewe, wakati watu wanakusanyika. Mama yuko kwenye mkeka, amefunikwa shuka, amebaki mifupa. Bi Tatu akamwambia, "Nimekuletea picha ya Zaina." Mama hakunyoosha mkono. Alisema, "Tatu, nimekwisha kusamehe. Usinichoshe." Bi Tatu akampa Juma ile picha. Juma akaitazama, akaona aibu, akataka kuitia mfukoni. Mama aliyasikia makaratasi. "Imekuwaje?"

Juma, mkweli wa watu, akasema, "Mama, hii picha mbaya. Haifai. Wametikisika."

"Nani?"

"Wote wawili. Zaina na mtoto. Mtoto ana mikono minne, na Zaina hana uso, ana mdomo. Wametikisika, mama, haifai kuonyesha watu."

Bi Tatu anasema mama aliinuka akakaa. Halafu akasukuma ile shuka. Akaikamata picha, akaigandamiza kwenye pua, na hakuona kitu, angeona nini pale hata mwenye macho? Lakini akageuka kwa wale wanawake waliokuja kumlilia binti yake, akasema kwa sauti ambayo walikuwa hawajaisikia tangu msiba uanze:

"Wametikisika! Mmesikia? Mtu anayetaka kunidanganya angeniletea picha nzuri. Waliokufa hawatikisiki. Juma, nipe uji."

Na akanywa. Waliokuja kusoma hitima wakabaki wanatazamana, mwisho wakasoma dua ya mtoto mchanga, wakala pilau ya matanga yangu. Naambiwa ilikuwa na nyama nyingi.

Nilivuka mwenyewe baadaye, Sefu alipotia saini yake. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha funga. Alinishika kichwa, akamshika Amisi miguu mpaka nywele, akamnusa. Nikamwomba radhi kwa ile picha ya kwanza. Akasema, "Ilikuwa nzuri, wameniambia. Lakini ukipigwa picha tena, mwanangu, tikisika."

Haya. Sasa sanduku lako umelifunga, na mimi maneno yangu si mengi. Unakwenda ugenini, na nimeona picha unazojipiga na magari ya watu. Piga, sikukatazi, ujana una haki yake. Hizo ziwaonyeshe wanaotaka kuona gari. Lakini mama yako akikuomba sura yako, mpe sura yako. Kama umekonda, akuone umekonda. Kama unalia, akusikie unalia, hiyo ni haki yake. Usimwambie ngoja nipendeze kwanza, kwa sababu hujui macho yake yana siku ngapi, na kimya chako kikivuka maji kinageuka kuwa tanzia. Mficha uchi hazai. Anayekupenda hahitaji umpambie habari, anahitaji kujua kwamba unapumua. Na huko uendako utampata Mama Feza wako. Wapo kila nchi, ila hawajitangazi. Akikuuliza jambo mara moja tu, simama umjibu.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie njia mbele na asiifunge nyuma yako. Akupe riziki isiyokufanya uwaonee haya wa kwenu, akupe majirani wa kukushika unapoanguka, na siku utakayobisha hodi mlangoni, atujalie tuwepo wa kukuitikia. Amina. Njoo nikubusu, na usitulie sana.